Shajara ya mradi: video za nyumbani kutoka kompyuta ya chumbani hadi PS3 ya sebuleni

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mradi huu umeanza kwa ombi la mama. Anataka kuitazama harusi ya dada yangu akiwa sebuleni, kwenye runinga kubwa, badala ya kuja chumbani kwangu na kukaa pembeni ya kitanda akikunja shingo mbele ya kioo cha kompyuta. Runinga yenyewe ni ya zamani, haina intaneti wala programu zake; ina matundu mawili ya HDMI, moja la king'amuzi na jingine la PlayStation 3 Slim ya GB 160 ambayo mpwa wangu alinunuliwa ikiwa mtumba. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba mashine yake itapata kazi ya pili, alinitazama kwa mashaka na kusema, "Mjomba, hiyo ni ya gemu."

Nilijaribu kwanza njia ya mkato, yaani flashi, nayo ikagoma kabla sijatoka chumbani. PS3 husoma flashi na diski za nje zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 peke yake, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, ilhali faili la harusi lina GB 6.2. Ningeweza kulikata vipande viwili, lakini harusi ni mwanzo tu, kwa sababu nyuma yake ipo hazina ya familia yenye GB 300 hivi: DVD za kipaimara na za sendoff, video ambazo marehemu baba alizipiga kwa kamera ya AVCHD kati ya 2010 na 2014, na rundo la video za simu. Sitaki kuwa mtu wa kubeba flashi huku na huko kila mama anapokumbuka jambo.

Nimeamua kutumia DLNA. Ni utaratibu uliobuniwa na muungano wa kampuni, Sony na Intel zikiwa mbele, ulioanza mwaka 2003 ili vifaa vya nyumbani vionane na kupashana picha, muziki na video bila kuulizana vimetengenezwa na nani. Muungano huo ulivunjwa mwaka 2017, na watu wengi hawautaji tena, lakini PS3 iliupata kupitia sasisho la Mei 2007 na bado inaujua vizuri. Hapa kifaa cha zamani kina nafuu kuliko wadogo zake, kwani PS4 ilitoka mwaka 2013 bila uwezo huu na ikausubiri hadi 2015.

Jumatatu, 10 Februari

Kompyuta itakayokuwa seva ni ya mezani, yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 4, na inaendeshwa na mfumo wa uendeshaji wa Debian 12. Nimeweka programu ya MiniDLNA, ambayo siku hizi inaitwa pia ReadyMedia. Niliichagua kwa sababu ni nyepesi mno: haibadilishi video kwa namna yoyote, inaorodhesha mafaili na kuyatoa jinsi yalivyo kwa yeyote anayeyaomba. Mipangilio yake yote imo katika faili moja la maandishi, na mistari niliyoigusa ni mitatu tu: wa kuonyesha folda ya video, wa kuipa seva jina, na ule wa root_container, ambao niliuwekea herufi B ili anayefungua akute folda zangu moja kwa moja badala ya kupitishwa kwanza kwenye makundi ambayo programu imejitungia.

Kazi ya dakika kumi ilichukua jioni nzima kutokana na makosa mawili ambayo yote ni yangu. La kwanza, PS3 haikuiona seva kabisa, hata baada ya kuhakikisha kwamba uunganishaji wa seva za media umewashwa katika mipangilio yake ya mtandao. Nilizunguka sana kabla ya kukumbuka kwamba mwaka jana niliweka ukuta wa moto wa ufw, yaani kizuizi cha mawasiliano ya mtandao, katika kompyuta hii. DLNA hutafutana kwa kupiga mbiu: kifaa hutuma ujumbe kwa anwani ya pamoja ya 239.255.255.250 kupitia mlango wa UDP 1900, na seva ikisikia hujibu, kisha video zenyewe hupita mlango wa TCP 8200. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mbiu ilipigwa na mlengwa hakuisikia. Nimeifungua kwa anwani za humu ndani tu.

Kosa la pili lilijitokeza mara ile ile. Alama ya seva ilionekana chini ya safu ya Video, nikaifungua kwa furaha, na ndani hamkuwa na kitu. MiniDLNA hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake wa pekee, na folda yangu ya nyumbani ilikuwa imefungwa kwa watumiaji wengine wote. Sikutaka kuilegeza, kwa sababu ndani yake mna barua na hati zangu, hivyo nimehamishia video zote /srv/video na kuijenga upya orodha ya seva. Saa nne na nusu usiku majina ya folda yalionekana kwenye runinga. Sikucheza chochote; wenzangu walikuwa wamelala.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndipo video ya kwanza imetembea. Nilianza na DVD ya kipaimara cha mdogo wangu, ambayo nilikuwa nimeinakili mapema. DVD huigawa video katika mafaili ya VOB yenye takriban GB 1 kila moja, na ukiyaacha hivyo PS3 huyaona kuwa klipu zinazojitegemea, kiasi kwamba askofu alikatika katikati ya neno nikalazimika kurudi kwenye orodha kutafuta nusu yake nyingine. Niliyaunganisha kuwa faili moja la MPEG bila kuigusa picha, na askofu akamaliza sentensi yake.

Video za baba zilileta tabu tofauti. Kamera yake huhifadhi picha zilizobanwa kwa njia ya H.264 ndani ya mafaili ya MTS, umbo ambalo PS3 inalicheza bila kuombwa, na picha ya kwanza ilipotokea ilikuwa safi ajabu. Baada ya sekunde nane ikakwama, ikaendelea kidogo, ikakwama tena. Nilibonyeza kitufe cha Select, ambacho huonyesha kiasi cha data kinachotumika wakati video inacheza, na namba zikawa zinaruka kati ya 15 na 18 za megabiti kwa sekunde. Wi-Fi ya PS3 ni ya viwango vya b na g. Kiwango cha g hutangazwa kuwa na megabiti 54, lakini katika matumizi halisi, hata hewa ikiwa tulivu, ukipata 20 hivi umepata. Isitoshe, kompyuta nayo ilikuwa kwenye Wi-Fi, kwa hiyo kila pakiti ilisafiri hewani mara mbili, kutoka kompyuta hadi ruta na kutoka ruta hadi PS3, na vifaa vyote viwili viligombea hewa ile ile. Kipaimara kilipita kwa sababu video yake haizidi megabiti 6. Video za baba zisingepita hata kwa maombi.

Niliiunganisha kompyuta na ruta kwa waya mfupi, kwa kuwa ruta iko koridoni karibu na mlango wangu. Kukwama kulipungua lakini hakukuisha, maana kati ya ruta na sebule kuna kuta mbili za matofali ya saruji.

Jumapili, 16 Februari

Nimenunua mita 20 za waya wa Cat5e. Fundi mmoja wa jirani alinifungia vichwa vya RJ45, tukaupitisha juu ya dari hadi nyuma ya runinga. PS3 ilipochomekwa ilisema imeunganishwa, nikadhani tumemaliza. Video ya baba ilikwama vibaya kuliko ilivyokuwa kwenye Wi-Fi.

Niliibeba kompyuta hadi sebuleni, nikauchomeka waya ule ule kwake na kutazama hesabu ya pakiti zilizoharibika, ambayo ilikuwa ikipanda kila nilipoivuta data. Nikavikagua vichwa kwa tochi ya simu. Ncha zote mbili zilifanana, na hilo ndilo lililonichelewesha, kwa sababu waya ambao ncha zake zinafanana huonekana hauna kasoro. Rangi zilipangwa jozi kwa jozi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, kijani, nyeupe ya bluu, bluu, na kahawia mwishoni. Ni mpangilio unaopendeza macho lakini si sahihi. Katika mpangilio wa T568B, nyeupe ya kijani hukaa nafasi ya tatu na kijani huruka hadi nafasi ya sita, bluu mbili zikiwa katikati yao, kwani ishara za nafasi ya tatu na ya sita ni lazima zipite katika nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Msokoto ndio unaozuia kelele ya umeme. Fundi alikuwa amezitenganisha pacha hizo bila kujua, kosa ambalo kwenye waya wa mita moja lingeweza kupita kimya kimya, lakini si kwenye waya wa mita 20 unaolala juu ya nyaya za taa.

Nilivikata vichwa vyote viwili, nikaazima koleo lake na kuvifunga upya mwenyewe. Hesabu ya makosa ilibaki sifuri. Milango ya ruta ni ya megabiti 100, kiasi ambacho ni zaidi ya mara tano ya mahitaji ya video zetu nzito kuliko zote.

Jumatano, 19 Februari

Sasa zamu ya harusi yenyewe. PS3 inaonyesha faili lake kama data isiyotambulika, kwa sababu mpiga video alilitoa katika kasha la MKV, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti pamoja, na PS3 haijui kulifungua kasha hilo. Yaliyomo ndani ni H.264 na sauti ya AAC, vitu ambavyo mashine inavielewa vizuri. Watu wengi hufikia hapa wakaanza kuibadilisha video nzima upya, kazi inayokula saa nyingi na kupunguza ubora bila sababu. Kinachohitajika ni kuyatoa yaliyomo kwenye kasha moja na kuyaweka kwenye jingine. Kwa programu ya ffmpeg niliinakili picha ilivyo, nikaigeuza sauti kuwa AC3, na vyote nikaviweka katika kasha la m2ts, linalofanana na lile la kamera ya baba. Saa tatu na nusu za harusi zilihama kwa dakika kama nane.

Bado PS3 ikakataa. Kumbe mpiga video alikuwa ameiandikia picha kiwango cha 5.1, lebo ya H.264 inayoeleza uzito wa video ambao mashine ni lazima iumudu, na PS3 inaishia kiwango cha 4.1. Nilipoichunguza niliona kwamba kasi yake ya data ni ndogo, chini ya megabiti 4, na fremu za rejea, zile ambazo fremu nyingine huzitegemea, ni tatu tu, ambapo 4.1 huruhusu hadi nne kwa picha ya 1080. Maana yake ni kwamba video haikuwa na uzito wa 5.1 hata kidogo. Lebo ndiyo iliyopewa cheo kisicho chake. Ffmpeg ina kichujio kinachoitwa h264_metadata ambacho huirekebisha lebo hiyo bila kuigusa picha. Dakika nane nyingine, na bwana harusi akashuka kwenye gari mbele ya ukumbi, akifuta jasho kwa leso nyekundu ambayo kwenye kioo cha kompyuta sikuwahi kuiona.

Jumamosi, 22 Februari

Video za simu ndizo zilizonifanya nifikirie upya mpango mzima. Simu nyingi za sasa huhifadhi kwa HEVC, kodeki (njia ya kubana video) iliyosanifishwa mwaka 2013, miaka saba baada ya PS3 kutoka, kwa hiyo hapa ujanja wa kuhamisha kasha haufui dafu. Ni lazima picha itengenezwe upya kuwa H.264.

Nilijaribu Universal Media Server, programu iliyotokana na PS3 Media Server, ambayo huibadilisha video papo hapo mtazamaji anapoiomba. Ni programu nzuri, na mwenye prosesa ya miaka ya karibuni aitumie bila wasiwasi. Kompyuta yangu ilipumua kama bajaji inayopanda mlima. Video ya simu inataka fremu 30 kila sekunde, na Core 2 Duo ilitoa fremu 9 kwa picha ya 1080. Hakuna mpangilio unaoweza kuziba pengo hilo isipokuwa kuishusha picha hadi iwe ukungu.

Nimerudi kwenye MiniDLNA, na nimeamua kwamba kila kitu kitapikwa kabla wageni hawajafika. Nimeandika hati fupi inayoanza kazi saa tano usiku, ikachukua kila faili jipya katika folda ya mapokezi, ikaligeuza kuwa H.264 ya kiwango cha 4.1 yenye sauti ya AAC katika kasha la MP4, kisha ikalipeleka /srv/video. Kwa mwendo wa fremu 9, video ya dakika 20 inaiva kwa saa moja na dakika saba, na usiku mmoja unatosha kwa video za mwezi. Faida nyingine sikuitarajia: klipu zilizopigwa simu ikiwa wima, ambazo nilipozijaribu bila kuzibadilisha picha zilionekana zimelala ubavu, sasa zinatoka zimesimama, kwa sababu ffmpeg huizungusha picha yenyewe wakati wa kuitengeneza upya.

Jumamosi, 1 Machi

Umeme ulikatika mchana na kurudi baada ya saa moja. Kompyuta nimeipangia katika BIOS ijiwashe umeme unaporudi, na ilijiwasha, lakini seva haikuonekana sebuleni. Nilipoianzisha MiniDLNA upya kwa mkono ilionekana mara moja.

Chanzo ni mbio zisizo sawa. Kompyuta huwaka haraka kuliko ruta, na MiniDLNA ilipoamka haikukuta mtandao wa kujitangazia. Niliiongezea subira ya sekunde 120 kabla ya kuanza, na safari hii haikuanza kabisa: systemd, programu inayosimamia huduma za Debian, kwa kawaida huipa kila huduma sekunde 90 za kuwa tayari, na ikizidi hapo huihesabu kuwa imeshindwa na kuizima. Nimepunguza subira iwe sekunde 75. Nimezima swichi kuu ya nyumba mara tatu kupima, hadi mpwa wangu, aliyekuwa katikati ya mechi, akauliza kwa heshima iliyobaki kidogo kama mradi huu una mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Mama ametazama. Aliishika rimoti ya gemu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama anayepokea sinia, na tatizo lake halikuwa vitufe bali lilikuwa urefu wa faili. Hakutaka saa tatu na nusu. Alitaka mahali babu anapoinuka kucheza, siku aliyosema miguu haina nguvu, miezi minne kabla hajatutoka. Sehemu hiyo iko baada ya saa mbili na dakika kumi, na kusogeza mbele kupitia mtandao katika kasha la m2ts ni kazi ya kubahatisha, kwa kuwa halina faharasa ya kumwonyesha mchezaji kila fremu ilipo. Tuliruka keki, tukarudi kwenye ndafu, tukaruka tena hadi kwenye shukrani. "Acha, mwanangu," akasema, "nitaangalia siku nyingine."

Sikuacha. Usiku huo niliikata harusi vipande 14 kufuata matukio, bila kuibadilisha picha. Ukikata namna hiyo huwezi kuanza penye fremu yoyote unayotaka. Kipande huanzia kwenye fremu kamili iliyo karibu nyuma yake, na katika video hii fremu hizo zimeachana kwa sekunde kumi. Kwa hiyo kipande cha babu kinaanza na sekunde saba za mhudumu anayekusanya chupa za soda. Ningeweza kuziondoa kwa kukitengeneza upya kipande hicho kimoja, lakini nimeziacha, kwa sababu katika sekunde hizo babu anaonekana kwa nyuma akiiegemeza fimbo yake kwenye kiti.

Vipande nimevipa namba mbele ya majina ili vikae kwa mpangilio wa siku yenyewe: 01 Kanisani, 02 Kuingia ukumbini, na kuendelea. Cha babu ni 09.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeitazama kumbukumbu ya seva. Faili la 09 limeombwa mara 11 wiki hii, karibu zote kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati nyumbani yupo mama peke yake. Hati ya usiku inafanya kazi bila kusimamiwa, na folda ya mapokezi ilikuwa tupu leo alfajiri. Kilichobaki ni kanda tano za VHS zilizomo kabatini, ambazo zinahitaji deki inayofanya kazi kabla ya kuhitaji kompyuta. Deki hiyo bado ninaitafuta.